Cheni mpya haikazwi mpaka Bibi apande

Saa moja asubuhi, mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu iliyofifia amechuchumaa kando ya pikipiki nyekundu, akiibonyeza cheni mpya kwa kidole gumba kutoka chini kwenda juu. Pikipiki imeshushwa kutoka kwenye stendi. Mwenyewe amekaa mbele, ameshika breki. Nyuma yake, kwenye kiti cha abiria, ameketi mama mzazi wa fundi, mkoba mapajani, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti.

"Mama, usimwegemee."

"Sijamwegemea. Yeye ndiye aliyenirudia nyuma."

"Abiria hakai hivyo."

"Abiria gani? Na mimi hapa ni nani?"

Fundi anarudi kwenye cheni. Anamwambia mwenye pikipiki asogee mbele kidogo, tairi lizunguke, kisha anabonyeza tena. Cheni inapanda kidogo na kushuka. Anatikisa kichwa.

"Shukeni. Bado imekaza."

Mama huyo, Bibi kwa kila mtu hapa, anashuka akitanguliza mguu mmoja, akisindikizwa na "pole pole, Bibi" za waendesha bodaboda waliozunguka. Wapo wengi kuliko kawaida, na wengi wao hawana cha kutengeneza. Wamekuja kutazama, kwa sababu asubuhi hii inaamuliwa kama kituo chao, chenye pikipiki arobaini, kitaendelea kumletea kazi fundi huyu au kitahamia gereji ya ng'ambo ya barabara.

Kituoni wanamwita Fundi Kidole. Banda lake ni mabati sita na meza moja, mbele ya ukuta mrefu uliopakwa chokaa ambao kwa chini umekuwa mweusi kwa oili ya miaka mingi. Hatengenezi injini wala taa. Anafunga cheni, na magurudumu ya meno yanayoizungusha cheni hiyo. Kwa siku hupata pikipiki tatu au nne, na siku ya mvua hupata usingizi.

Kazi aliianza kwenye baiskeli, kwa baba yake mdogo, akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Baiskeli zilipopungua akahamia pikipiki, akafunga cheni kama wanavyofunga wengine wote: pikipiki juu ya stendi, tairi hewani, kaza mpaka inyooke, mteja aende zake akiwa na furaha.

"Zikawa zinakatika," anasema huku akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kinaichafua zaidi. "Nabadilisha duka, zinakatika. Nanunua za bei, zinakatika. Na zote zinakatikia njiani, mtu akiwa amebeba. Hakuna hata moja iliyokatika pikipiki ikiwa tupu."

Jibu lililetwa na uchovu wa miguu. Mama yake alikuwa amemletea chakula, akakosa pa kukaa, akajitupa juu ya pikipiki ya mteja iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Shokapu za nyuma zikalala. Cheni, ambayo dakika moja kabla ilikuwa inacheza vizuri, ikanyooka kama waya wa kuanikia nguo.

"Nikamwambia, Mama, shuka. Akashuka, ikalegea. Nikamwambia, panda. Akapanda, ikakaza. Tukafanya hivyo mpaka chakula kikapoa."

Maelezo yake ni mafupi. Mzigo ukikaa, sehemu ya nyuma ya pikipiki hushuka, na tairi la nyuma husogea mbali kidogo na injini. Cheni haina pa kuongezeka. Kama ilikazwa wakati pikipiki ni tupu, ikibeba itavutwa pande zote mbili, na siku moja mlimani itachagua kiungo kimoja na kukiachia.

Tangu siku hiyo ana sharti moja. Hafungi cheni mpaka aone anayebebwa. Anayebeba magunia alete gunia. Anayebeba kreti za soda alete kreti. Mmoja aliyekuwa akibeba milango ya seremala alikuja na mlango, akambebesha jirani yake, na watu wakapita wakidhani kuna nyumba imehama.

Mteja ambaye hana mzigo wake, huazimwa Bibi.

Bibi ana kilo tisini na mbili, kwa mujibu wa mizani ya muuza unga, na anazitaja kama mtu anavyotaja cheo. "Ni abiria mmoja na kikapu chake," anasema. "Mwembamba angekudanganya."

Kituoni wanasimulia kwamba siku moja alipanda pikipiki ya kijana mmoja mwembamba kabla kijana hajajiandaa, gurudumu la mbele likanyanyuka, na kijana akajikuta anahesabu ndege angani. Bibi anakanusha. "Halikunyanyuka sana," anasema.

Mwenye pikipiki nyekundu ya leo ni Mwenyekiti wa kituo, mwanamume mnene wa sauti, mwembamba wa mwili, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikono ikapata makali. Yeye ndiye aliyewahi kuwaleta wenzake kwa Fundi Kidole. Yeye ndiye aliyepitisha kituoni sheria kwamba cheni iliyofungwa na fundi asiiguse mtu mwingine, na atakayeigusa ataosha pikipiki za wanachama wote siku ya Jumapili.

Wiki mbili zilizopita alifungiwa cheni mpya hapa hapa. Wiki iliyopita ikamkatikia mlimani.

Alikuwa amembeba muuza mayai na trei zake. Cheni ilipokatika, pikipiki ilisimama kwanza, ikafikiri, kisha ikaanza kurudi nyuma. Muuza mayai aliruka salama. Walioshuhudia wanasema mlima mzima uliteleza hadi jioni, na kwamba mayai mawili tu ndiyo yaliyopona, yale aliyokuwa ameyachemsha kwa ajili ya chakula chake cha mchana.

Mwenyekiti aliisukuma pikipiki hadi kituoni na kutangaza kwamba cheni za yule fundi ni za kuoza. Neno lilienda haraka. Siku nne mfululizo meza ya Fundi Kidole haikuwa na hata nati moja juu yake.

"Sikulala vizuri," anasema, na hiyo ndiyo lawama kubwa kuliko zote anazotoa. "Hawa arobaini wakiondoka, hapa nabaki na kituo cha baiskeli mbili na toroli."

Leo Mwenyekiti amerudi kudai afungiwe nyingine, mbele ya watu, na baada ya hapo kituo kiamue. Fundi amekubali bila neno. Ametoa gurudumu la nyuma, akabadilisha yale ya meno pia, kwa sababu meno ya zamani yalikuwa yamechongoka na yangeila cheni mpya kama muwa. Ameiunganisha cheni kwa kiungo chake na kukifunga kwa klipu, mdomo wa klipu ukiangalia nyuma. Ukiangalia mbele, anaeleza, jiwe dogo tu likiurukia linaweza kuifungua, kama mtu anavyofunguliwa kifungo.

Lakini kabla ya yote hayo alichuchumaa muda mrefu akitazama nati kubwa ya ekseli, akamwita Mwenyekiti kando.

Kila akimaliza kazi, Fundi Kidole hupaka tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye nati hiyo, nusu kwenye nati, nusu kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikizungushwa, tone hukatika. Rangi ni ya Bibi. "Kucha zangu zimestaafu," anasema mwenyewe. "Sasa nazipamba nati."

Tone la Mwenyekiti lilikuwa limekatika. Nusu moja ilikuwa kaskazini na nyingine magharibi.

"Mwenyekiti, nani aliigusa?" fundi aliuliza.

"Hakuna."

"Nati imezunguka."

"Barabara ni mbaya, dada yangu. Mtikisiko."

"Mtikisiko ulifungua nati, ukavuta tairi nyuma, halafu ukakaza nati tena?"

Mwenyekiti alitazama barabara kana kwamba anangoja imjibie. "Fundi, mimi sikuja hapa kuhojiwa. Funga cheni."

Fundi akafunga cheni.

Sasa wamepanda kwa mara ya tatu. Fundi anabonyeza. Cheni inacheza kiasi cha upana wa vidole viwili. Anamwambia Mwenyekiti asogee, anabonyeza tena, asogee tena. Anapata mahali ilipokaza kuliko kwingine kote, anabonyeza hapo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anasimama wima.

"Imekaa. Mama, shuka."

Bibi hasogei.

"Mama."

"Nimesikia. Sishuki."

Vicheko vinaanza upande wa nyuma. Mwenyekiti anageuza shingo kadiri shati linavyomruhusu. "Bibi, nina mteja ananisubiri."

"Na mimi nasubiri."

"Unasubiri nini, Bibi yangu?"

"Nasubiri uniambie nani aliigusa ile nati. Mwanangu kwa siku nne ananiambia ameshiba wakati hajala. Mimi nimezaa watoto sita, baba, najua uso wa mtu aliyemaliza sukari na sahani anayo mkononi. Wewe huo uso unao tangu ufike."

"Bibi, hayo si mambo ya..."

"Twende basi. Washa. Huyo mteja wako tutambeba katikati."

Watu wanapiga makofi. Kijana mmoja aliyevaa helmeti kichwani ingawa hana safari anapaza sauti: "Mwenyekiti, mpeleke mama mkwe!" Mwingine anamuuliza kama Bibi atalipia au ni mkopo.

Mwenyekiti hacheki. Anashika breki kwa mikono yote miwili. Kijasho kinaanza kuharibu kazi ya pasi. Fundi, ambaye amempa kila mtu kisogo, anapanga spana zake mezani kutoka ndogo hadi kubwa, halafu kutoka kubwa hadi ndogo.

"Niliigusa kidogo tu," anasema Mwenyekiti.

"Kwa kidole?" anauliza fundi bila kugeuka.

"Kwa spana."

Kelele zinazofuata zinamtoa muuza duka nje. Mwenyekiti anangoja zipungue, kisha anazungumza akitazama usukani.

"Ilikuwa inapiga kelele. Nikiwa tupu, chaka chaka chaka. Nafika kituoni, hawa hapa wananiambia, Mwenyekiti umevaa njuga, Mwenyekiti unakwenda ngomani. Mimi kila kikao nawaambia pikipiki ni sura ya kituo. Nikaona aibu. Nikaikaza nyumbani, nyuma ya choo, ikanyamaza kabisa. Nikafurahi." Anafuta jasho kwa mkono wa shati. "Nilipombeba yule wa mayai nikasikia injini inaguna. Nikajua. Nikasema itafika tu."

"Ungeniambia," anasema fundi.

"Ningekuambiaje, na ile sheria niliileta mimi?"

Fundi anageuka. Hana hasira usoni, wala ushindi. Anaonekana zaidi kama mtu aliyepata nati iliyokuwa imempotea. "Basi waambie wao," anasema. "Mimi nimeshasikia."

Mwenyekiti anawaambia. Anasema cheni haikuwa ya kuoza, aliyeiharibu ni yeye, na neno alilolitoa kituoni analirudisha. Kituo hakihami. Anayesema kihame aseme sasa. Hakuna anayesema. Yupo tu mmoja anayetaka kujua jambo dogo.

"Pikipiki arobaini, Mwenyekiti. Utaanza na ya nani?"

"Yako iwe ya mwisho," anajibu Mwenyekiti. "Ina tope la tangu ununue."

Ndipo Bibi anaposhuka, mguu mmoja mmoja, akikataa kushikwa. Fundi anaikaza ekseli, anapaka tone jipya la rangi, anaitia oili cheni kwa ndani huku akiizungusha, anafuta ya ziada isije ikakusanya mchanga. Anamwambia Mwenyekiti arudi baada ya siku chache, maana cheni mpya hulegea mapema. Na itapiga kelele kidogo akiwa tupu. Aiache ipige.

Mwenyekiti anaondoka taratibu. Chaka chaka yake inasikika mpaka kwenye kona, na safari hii hakuna anayemtania kuhusu njuga. Wanamtania kuhusu ndoo na sabuni.

Watu wanapopungua, Fundi Kidole anakaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa na kunywa chai iliyopoa. Kilichomsumbua, anasema, si yule mtu kuikaza. Kilichomsumbua ni kwamba aliikaza gizani akiwa peke yake, hajui anachofanya, akaona heri mlima umfundishe kuliko kurudi kuuliza.

"Watagusa tu," anasema. "Hata ukiweka sheria, hata ukipaka rangi pikipiki nzima. Mtu ana pikipiki yake na ana spana yake. Basi bora waguse vizuri."

Mpango wake ni kila Jumamosi mchana, kuanzia wiki hii, awakusanye wote arobaini hapa ukutani, wawili wawili, mmoja apande na mwenzake abonyeze, mpaka kila mtu ajue kuikaza cheni yake ikiwa imebeba. Atawafundisha hadi klipu. Anatumaini mwaka ujao wakati kama huu asiwepo hata mmoja wa kufika hapa akisukuma pikipiki.

Mama yake, aliyekuwa akipuliza chai, anakishusha kikombe.

"Ngoja kwanza. Wakishajua wote kufunga cheni, sisi tutakula nini?"

Fundi anafikiri kidogo, akitazama barabarani, ambako kijana wa helmeti anateremka mteremko kwa kasi huku akikanyaga chini kwa miguu yote miwili ili pikipiki isimame.

"Breki, mama," anasema.