Bolti za Jiko la Mkwe

Kutu ni mdudu. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na wajukuu wangu wananiambia kutu si mdudu bali ni kitu gani sijui cha hewa na maji. Sawa. Lakini wao hawakuziona bolti za jiko langu. Zilikuwa zimeliwa mpaka hujui nati inaishia wapi na mkanda wa chuma unaanzia wapi. Kitu kinachokula ni mdudu.

Jiko lenyewe aliniletea mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho. Ni mpishi kwenye hoteli moja huko ufukweni, na hoteli iliponunua jingine jipya, hili la zamani akapewa yeye, naye akalipakia kwenye kirikuu hadi kwangu Nyakato. Ni la kauri nene, limesimama kama yai kubwa la ndege ambaye nisingependa kukutana naye. Kifuniko chake nacho ni kauri hiyo hiyo. Ukikiinua lazima ugune. Unatia mkaa chini, unalaza sato kwenye wavu, unafunika, moshi unabaki humo ndani na samaki wake. Majirani walicheka wiki nzima. "Bibi, leo umetaga?" Walipoonja sato, wakaleta sahani.

Sasa msidhani nalipenda kwa sababu ni la hoteli. Mimi nimechoma samaki tangu ujana, kwa kuni, kwa pumba za mbao, kwa chochote kinachowaka, na moshi wote umepitia machoni mwangu. Yakawa mekundu. Yakabaki mekundu. Mimi ni mzaliwa wa Misungwi, na huko nilikokulia mwanamke akizeeka na macho yakiwa mekundu, watu wanaanza kuhesabu nani kaugua na ng'ombe wa nani kafa. Shangazi yangu hakuna aliyemgusa, walimsema tu, mpaka akafunga vyombo vyake akahama. Mtasema Nyakato ni mjini, kuna viwanda. Haya. Na hao wanaofanya kazi viwandani wametoka wapi? Kuna jirani yangu alikuwa akiniona napita anamvuta mtoto wake ndani, taratibu, kama anamwita kula. Nilikuwa naona. Macho mekundu nayo yanaona.

Jiko lilipokuja, moshi ukanipungukia, na macho yakaanza kurudi meupe. Yule jirani sasa ananunua sato kwangu, mtoto wake kanishika khanga. Kwa hiyo jiko lilipoharibika, mtu akiniambia "bibi, si utumie tu jiko la kawaida kwa sasa," namwonyesha geti.

Sasa bolti. Kifuniko kimezungukwa na mkanda wa chuma unaokazwa kwa bolti, na tumbo la jiko nalo lina mkanda wake, na mikanda hiyo miwili imeungwa nyuma kwa bawaba yenye springi. Mkanda wa juu ulilegea, kifuniko kikaanza kuteleza, kila siku kidogo. Dawa yake ni kukaza nati. Nati haikazi. Basi ilegeze utoe bolti uweke nyingine. Hailegei. Binti yangu akasema ni kwa sababu nalisugua kwa majivu na maji kila jioni. Chombo cha kupikia nisikisugue? Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Nikamwita jirani mwingine, anayechomelea mageti. Akaja na nyundo.

"Bibi, hii kazi ndogo. Naipiga moja inatoka."

"Hiyo nyundo iweke chini."

"Bila nyundo haitoki hii."

"Ukipiga chuma, kitakachopasuka ni kauri. Utaichomelea?"

"Kauri haichomelewi, bibi."

"Basi si umejijibu."

Akaiweka chini kweli. Nikaingia ndani kumletea soda, maana mgeni ni mgeni, na nikiwa nafungua chupa nikasikia ko! Natoka, kipande cha ukingo wa kauri kimeruka, kama ukucha wa dole gumba, kiko mchangani, naye anakitazama kana kwamba kimeanguka toka mbinguni. Maneno niliyomwambia siyaandiki hapa. Aliondoka na soda yangu.

Baada ya hapo kila aliyepita alikuwa daktari. Tia mafuta ya taa. Tia limau. Tia mafuta ya breki. Nilitia yote. Mama mmoja anayekaanga samaki akaniambia mafuta ya sangara yanapenya hata kwenye jiwe, nikayapaka usiku nikalala na matumaini. Asubuhi paka wa mtaa mzima walikuwa juu ya jiko langu wanalamba bolti. Walizilamba zikang'aa. Nati haikutikisika.

Mwishowe binti yangu akapiga simu, akasema mumewe anakuja Jumamosi na bolti mpya na vyombo vyake. Nilifurahi, halafu nikaudhika, kwa sababu ya jambo la ukwe, ambalo lazima nilieleze. Kwetu Wasukuma wa zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Si chuki, ni heshima. Hamshikani mikono, hamli mkitazamana, mkikutana njiani mmoja anapisha. Yeye ni mtu wa Bukoba, Mlutheri, kwao hakuna ukali huo, na mwanzoni alidhani simpendi. Binti yangu alipomweleza, akaishika hiyo desturi kuliko wanangu wa kuwazaa. Miaka yote ananisalimia kutoka getini, macho chini.

Basi Jumamosi wakafika, nikajifungia jikoni nyuma ya pazia la dirisha. Yeye uani kwenye jiko, binti yangu katikati.

"Muulize mama, hapa alipaka nini?"

"Mama, anauliza ulipaka nini."

"Nimesikia. Mwambie mafuta ya sangara."

"Anasema mafuta ya sangara."

Akainusa nati. "Mwambie mama, kwenye viazi yangefaa zaidi."

Nilicheka kwenye khanga asinisikie.

Alijaribu spana, spana ikateleza. Akajaribu tena, ikamchuna vidole, akasema kitu cha Kihaya ambacho binti yangu hakunitafsiria. Ndipo akachomeka kipande cha bati kati ya mkanda na kauri, akaanza kuzikata bolti kwa msumeno wa chuma. Krr, krr, krr. Mimi dirishani meno yananiuma. Kila akisimama nafikiri kauri imepasuka. Ikaonekana washa, vile vipete vya kukaa chini ya nati, zimepungua, binti yangu akatumwa dukani barabarani. Mnajua binti akipita dukani anakutana na nani na nani.

Hakuwa amerudi bolti ya mwisho ilipokatika. Springi ikaruka, mkanda ukafunguka, na kifuniko kikaondoka mahali pake. Mkwe akakidaka kwa kifua. Nikamwona kakikumbatia, mkono mmoja umebanwa kati ya kifuniko na tumbo la jiko.

"Mama!"

Hakusema "mwambie mama." Nani angeniambia?

Nilifika mlangoni miguu ikagoma. Nawaambia ukweli, iligoma. Mama yangu mzazi alikufa bila kujua meno ya mume wangu yamekaaje. Nami nimesimama pale, kifuniko kinateleza, na ninachokiona mbele yangu si kifuniko, ni macho yangu mekundu tena na yule jirani anamvuta mtoto ndani. Nikafunga khanga kiunoni nikatoka.

Nilishika upande wangu. Uso kwa uso, hata unga usingepita katikati. Anatoka jasho, ananukia chai ya tangawizi.

"Shikamoo, mama," akasema. Pale pale, na mkono umebanwa.

"Marahaba. Inua!"

Tukainua, mkono ukatoka. Nikasema tukiweke chini tumsubiri mkewe. Akasema chini kuna mawe, na kikipata ufa ndio mwisho wake, bora tukirudishe juu na kukifunga kabisa. Kwa hiyo nikawa nakishikilia kikae sawa, yeye anauzungusha mkanda upya, anapenyeza bolti. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikakataa. Bolti mpya, inang'aa, nayo inakataa! Nikamuuliza kama hizi bolti zina ukoo mmoja na zile. Akacheka, na kwa kucheka akasahau, akainua uso akanitazama. Miaka yote hiyo, hakuwahi.

"Macho yamepona, mama," akasema polepole. "Mke wangu aliniambia yalivyokuwa. Ndio maana nililiomba hili jiko."

Aliliomba. Mimi nilijua alipewa tu, hana pa kuliweka.

Mtu akikwambia neno kama hilo mmekaribiana vile, na mikono yote miwili imeshika kauri, hata kugeuka huwezi. Nikamwambia aangalie bolti yake.

Ikaingia. Ndipo geti likalia, na binti yangu akasimama pale na kifuko cha washa, mdomo wazi.

"Mama!"

"Mama nini? Usisimame kama nguzo ya umeme. Lete hizo washa, mikono inakatika."