Vyumba Vinne vya Dada Yangu

Mwaka ule bei ya mafuta ilipoanguka, nchi aliyoolewa dada yangu ikakumbuka kwamba ina bahari. Wakaja hapa Durban kwenye maonyesho ya utalii, na ngoma, na vinyago, na waziri mzima. Mimi nilikuwa mkalimani wao. Kifaransa nilitoka nacho Bukavu, Kiingereza nimekiokota hapa hapa mtaani Point. Waziri akasema viza zitatolewa uwanja wa ndege, barabara ya pwani itatiwa lami. Nikatafsiri.

Mkalimani hubeba maneno ya watu, na kazi ikiisha anayaacha pale pale. Mimi nikaenda nayo nyumbani. Nikampigia dada simu: jenga. Akachukua kiinua mgongo cha marehemu mumewe, akajenga vyumba vinne vinavyotazama maji. Eish, siku ile nilijiona mtu wa maana.

Mwaka huu bei imepanda. Waziri hakuja. Wamemtuma ofisa mmoja na bakuli la peremende, naye alishinda akichezea simu. Kwenye mkoba nilikuwa na picha za vile vyumba, maana hakuna mgeni aliyewahi kulala humo, na dada hana kingine cha kumlisha.

Saa nane hivi akaja mama mmoja wa kampuni ya safari kutoka Queensburgh. Alikuwa na kikundi cha wastaafu wapenda kutazama ndege wa porini. Akauliza viza. Ofisa akasema mpaka barua ya mwaliko kutoka kampuni ya mafuta, halafu ni kusubiri. Na barabara? Bado. Nikatafsiri.

"Huko pwani kuna mahali pa kulala?" akauliza mama.

"Kuna kambi za watu wa mafuta," akasema ofisa. "Pa wageni hakuna."

Mkalimani haongezi neno lake. Ndilo sharti la kwanza, na ndilo linalonilipia kodi ya chumba. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkoba. Nikangoja nisikie uchungu, au hata aibu. Sikusikia kitu.

"Hakuna," nikamwambia mama kwa Kiingereza. Akashukuru, akachukua peremende, akaenda meza ya jirani.

Nikiwa kwenye teksi, dada akaandika: "Mdogo wangu, leo iko mtu mwenye aliuliza?"

Nikamjibu yuko mmoja.

"Na weye ulimwambia nini?"