Saa Nne za Matumbawe

Hili la kuniaibisha nililifanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na mpaka leo mtu akitamka "masaa" mbele yangu masikio yanapata moto.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa karani wa masjala katika ofisi ndogo ya mambo ya bahari kule Mikindani. Mimi ni mtu wa Singida, nilihamishiwa Mtwara peke yangu, nikapanga chumba Magomeni, na kwa miaka miwili sidhani kama kuna jirani aliyelijua jina langu (walinitambua kwa shati: "yule wa mikono mirefu"). Basi ofisi ikapata tangi kubwa la kioo, na mtaalamu wetu Bi Somoe, mzaliwa wa Msimbati, akaweka humo maji ya bahari, mawe, samaki wawili wadogo na matumbawe hai, ili wasiojua kupiga mbizi nao wayaone. Juu yake zikafungwa tyubu sita za taa.

Siku chache baadaye Bi Somoe akaomba likizo ya wiki tatu akamuuguze mama yake. Akaandika maelekezo kwa mkono, akaniletea rundo la karatasi niyapige taipu. Katikati aliandika: "Mwanzo huu taa ziwashwe masaa manne. Tyubu mbili tu." Sasa mimi, mtu wa utaratibu, ninayejua kwamba katika Kiswahili sanifu hakuna "masaa", nikakata, nikaandika "saa nne", nikapiga taipu, nikabandika ukutani. Nilikuwa nasahihisha, sikuwa nasoma.

Mkuu alipouliza nani atalitazama tangi hata Jumapili, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza (ningekwenda wapi?). Nikaisoma karatasi yangu kama amri: taa ziwashwe saa nne. Kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi kamili, swichi! Na kwa kuwa karatasi haikusema zizimwe lini, nilizizima nilipoondoka, saa kumi na mbili jioni. Tyubu nazo, Mungu shahidi, nilianza na mbili. Lakini siku ya tatu nikaona chumba kina giza, nikawasha zote sita, nikavuta kiti, nikala chakula changu cha mchana mbele ya wale samaki wawili huku nikiwasimulia habari za nyumbani, na ikawa ndiyo desturi, maana samaki hawamuulizi mtu atarudi lini kwao.

Wiki ya pili matumbawe yakaanza kupauka, yakatoka kwenye kahawia hadi rangi ya maziwa, mwishowe yakawa meupe kama chokaa. Nikajua yanatakata! Nikaona fahari nisiyowahi kuiona tangu nifike Mtwara, nikafanya ambalo sijawahi: nikaalika watu. Nilimwalika mama mwenye nyumba wangu, na Bwana Karimu wa duka la umeme Chikongola, na wao wakawaambia wengine, mpaka Jumamosi ile chumba kikajaa.

Nikasimama mbele ya kioo nikakohoa. "Ndugu zangu, tazameni yalivyong'aa. Kazi ya wiki tatu!"

"Yamepakwa rangi?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Hapana, mama. Ni matunzo."

"Matunzo gani hayo, kaka?" Sauti ilitoka mlangoni. Bi Somoe, na mzigo wake wa safari bado mkononi. Akapita katikati ya watu, akainama. "Ile rangi ya kahawia ni vijimea hai, ndivyo vilivyokuwa vinayalisha. Umeyaunguza kwa taa! Nani kakwambia uwashe kutwa?"

Nikabandua karatasi kwa kujiamini, nikaisoma kwa sauti: "Taa ziwashwe saa nne."

"Mie niliandika masaa manne. Kwa siku!"

Akaenda masjala, akarudi na rasimu yake. Wino mwekundu ukaonekana mpaka nyuma. Bwana Karimu akasoma, akanitazama, akasema taratibu, "Ndugu yangu, wewe umesahihisha mpaka umeua," na chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Somoe hakucheka. Alivua kanga ya mabegani, akaitandaza juu ya kioo kupunguza mwanga, akazima tyubu nne, akaniomba ufunguo.

Nusu ya matumbawe yalikufa. Mengine yalirudisha rangi polepole, lakini kuyaona ilinibidi nichungulie dirishani kama mgeni mwingine yeyote.

Tangu siku ile sijagusa neno la mtu bila kwanza kumuuliza anataka kusema nini. Na nikipita Chikongola, Bwana Karimu alikuwa akitoa kichwa dukani: "Bwana Masaa! Habari za masaa?" na wenye meza za sokoni wakaitikia. Mwanzoni niligeukia njia ya nyuma. Halafu nikaacha, nikawa napita palepale, polepole, kwa sababu kwa miaka miwili hapakuwa na mtu mjini aliyeniita kwa jina lolote.