Siku Tulipoikoroga Ndiva

Jamani, aibu za wenzangu nimezicheka sana, kwa hiyo hii yangu naisema mwenyewe kabla hajaisema mwingine akaitia chumvi (na kwetu Mhezi watia chumvi hawakosekani): ni mimi niliyewaingiza watu wazima, wake kwa waume, kwenye maji ya baridi mpaka kiunoni, wakayapiga kwa matawi tangu asubuhi kama waliopandwa na mashetani, na wageni wa wilaya wamesimama ukingoni wanatazama.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila kijiji kinatakiwa kiwe na mradi, na wetu ulikuwa wa samaki. Niliuleta mimi. Nilikuwa nimepelekwa pwani wiki mbili kujifunza ufugaji, nikarudi na daftari moja na mdomo mrefu kuliko daftari, nikamwandama Mzee Eliakimu, mgawa maji wetu, mpaka akakubali tutumie ndiva moja kufugia perege. Ndiva, kwa asiyezijua, ni bwawa la mawe na udongo walilochimba mababu. Maji ya mfereji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa yakanyweshe maharage na mahindi, kila mtu kwa zamu yake. Kumwambia Mpare akuachie maji ni sawa na kumwambia akuachie mtoto. Mzee akasema, "Msimu mmoja, mwanangu. Samaki wakishindwa, maji yanarudi kwenye maharage." Nikasema hawashindwi.

Sasa perege wanataka maji ya kijani, maana ule ukijani ni vijimea vidogo mno, jicho halivioni kimojakimoja, na ndicho chakula chao. Maji yetu yalikuwa maangavu, unaona mpaka ile samadi ya mbuzi niliyoimwaga imelala chini kama ilivyotua. Na wageni wa wilaya walikuwa wanakuja Alhamisi kukagua. Jumanne mwenyekiti wa kijiji akanifuata shambani, akaniuliza, "Dada, hayo maji yatakuwa kijani kufikia Alhamisi?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja, sijui. Lingenitoka, mkasa huu msingeusikia.

Lakini mimi nilikumbuka somo la pwani. Mwalimu alitueleza kwamba upepo ukivuma karibu na ufuko maji yanachafuka, rutuba iliyotulia chini inapanda juu kwenye mwanga, vijimea vinakula, vinazaana, bahari inageuka kijani. Hapo ndipo nilipotoka darasani. Mniwie radhi, mimi nimezaliwa mlimani, bahari ile iko nyuma ya dirisha na sijaigusa hata kwa kidole, nikajisemea nichomoke kidogo nikaloweshe miguu, niliporudi ubao umeshafutwa. Nusu ya pili nilikuja kuisikia baada ya kuumbuka: kwamba misukosuko ikizidi, vijimea vinaburutwa chini gizani vinafifia, tope linaziba mwanga, na uozo unaopanda nalo unawanyang'anya samaki pumzi.

Basi nikamjibu mwenyekiti, "Yatakuwa kijani. Yanachotaka ni upepo."

"Upepo utoke wapi? Ndiva iko bondeni, miti kila upande."

"Tutayakoroga wenyewe. Piga pembe."

Jumatano pembe ya msaragambo ikalia. Msaragambo ndiyo kazi yetu ya wote, pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu, haijalishi una mgonjwa au una mgeni, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuitwa kukoroga maji, wengine walikuja na majembe, wengine na mapanga, nikawakatia matawi nikawagawia. Tukakoroga mpaka jioni. Maji yakawa ya kahawia. Nikawaambia kahawia ndiyo hatua ya kwanza (hatua ya kwanza ya nini, hata leo sijui). Mzee Eliakimu akaja akachota kwa kiganja, akanusa. "Mwanangu, maji haya siyapendi. Yaache yapumzike." Nami, kwa kiburi cha wiki mbili, nikamwambia, "Baba, hii ni elimu." Akafuta mkono kwenye koti lake akaondoka.

Alhamisi asubuhi pembe ikalia tena. Wageni tuliambiwa wanafika alasiri. Wakafika saa nne.

Mkubwa wao, bwana mmoja mwenye faili kwapani, alisimama ukingoni, akatazama umati ule majini. "Shikamooni wazee. Ndugu, hawa wanafanya nini?" Nikaanza kueleza habari za upepo na rutuba, nikijitahidi kusimama wima na sketi inachuruzika, na katikati ya maelezo nikaona midomo. Perege walikuwa wamepanda juu, wengi, midomo nje ya maji, wanaifungua na kuifumba. Nikajua wanatafuta pumzi.

"Na samaki mbona wamekuja juu?" akauliza.

Wallahi sijui lilinitokaje. "Wanakuja kusalimia wageni."

Mama Nakijwa, mama wa makamo aliyekuwa majini karibu yangu, akasema taratibu, "Basi mwitikie, baba, wamekuamkia kitambo hao." Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti akageukia mlimani kuficha uso, na hapohapo perege mmoja akapinduka tumbo juu, kisha wa pili, kisha sikutaka tena kutazama.

Nilitaka kulia, nikaona kulia hakuwapi samaki pumzi. Nikamkimbilia Mzee Eliakimu, nikamwomba atufungulie maji mapya ya mfereji. "Mfereji leo ni zamu ya Mama Nakijwa," akasema. "Si yangu kutoa." Na kweli, maharage ya yule mama yalikuwa yamejikunja majani kwa kiu, na mimi nilikuwa nimemtoa shambani siku ya maji yake.

Nikarudi. Mbele ya wote, na yule bwana na faili lake, nikapiga magoti kwenye tope. "Mama, nimekosa. Nilijifanya najua na sikujua. Samaki hawasalimii, wanakufa. Naomba maji yako."

"Na maharage yangu?"

"Nitayamwagilia mimi kwa ndoo mpaka zamu yako irudi."

Akanitazama sana. "Fungua," akasema.

Tukaupasua mfereji, maji ya mlimani yakaingia, nami nikasimama pale yanapodondokea nimeshika ubao yapige yatawanyike, maana nilishaelewa wanataka hewa. Nilisimama mpaka saa kumi, mikono imekufa ganzi. Wageni waliondoka bila kugusa makande tuliyowapikia. Perege waliokufa walijaza matenga, ila waliobaki walizama chini wakatulia.

Kesho yake watu wakakusanyika ndivani kuidai ndiva yao, na haki walikuwa nayo. Sikujitetea. Mzee Eliakimu akasikiliza wote, akasema, "Nilisema msimu mmoja, na msimu haujaisha. Samaki wakishindwa mwisho wa msimu, tutayachukua maji yetu." Akafunga mkutano.

Siku nane nilipanda na ndoo mkononi, na Mama Nakijwa amekaa kizingitini ananielekeza: tuta lile hujalifikia, hili umelipita. Ndiva sikuigusa. Ilipofika wiki ya tatu ikaanza kuwa kijani yenyewe, bila pembe wala tawi, na mwisho wa msimu tukavua.

Siku hizi mtu akiniuliza nisilolijua, namwambia sijui, hata awe mwenyekiti na mgeni wake yuko njiani. Linachoma mdomoni mara moja tu likapoa. Ndoo ya Mama Nakijwa ilinichuna kiganja siku nane.