Barua Isiyo na Salamu

Kwa miaka kadhaa anwani ya barua pepe ya duka langu ilikuwa ya kila mtu. Duka lipo Kilwa Masoko, kando ya barabara inayoteremka kwenda gatini: mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja, benchi la wateja, na feni ambayo huelekezwa kwa kompyuta kwanza, binadamu baadaye. Mtu akiulizwa na ofisi ya mbali kama ana barua pepe, alijibu anayo, akataja ya dukani kwangu. Wenye nyumba za wageni waliitaja, wakulima wa ufuta wa Tingi waliitaja, walimu wanaoomba uhamisho waliitaja. Asubuhi nilifungua sanduku, nikatazama barua ni za nani, nikawapigia simu wenyewe waje. Wengine waliniomba niwasomee humo humo simuni, nami nikawasomea.

Kazi hii sikuisomea. Niliacha shule kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu wawili wa kike. Mjomba alinileta dukani hapa kufagia. Mwenye duka alipozeeka na kurudi kwao Nyangamara aliniachia niendeshe, na mwishowe likawa langu. Kompyuta niliijua kama mtu anavyolijua jiko la ugenini: kwa kupika.

Kati ya waliotegemea anwani ile walikuwamo akina mama wa Songo Mnara, kisiwani, wanaovua pweza kwa miguu maji yakitoka. Kikundi chao kina desturi ya kuufunga mwamba. Kwa miezi mitatu hakuna mtu anayeugusa, pweza wananenepa kwenye mashimo yao, na mwamba hufunguliwa siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kuliko kawaida. Siku hiyo kisiwa kizima kinaingia majini, na pweza wanaopatikana asubuhi moja ni wengi kuliko vyungu vyote vya Kilwa. Kwa hiyo lazima gari la barafu kutoka kampuni ya Mtwara inayonunua pweza liwe limefika gatini Masoko kabla ya boti. Aliyeliita gari hilo kila mara nilikuwa mimi, kwa barua pepe, kwa niaba ya mwenyekiti wao, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mkondo.

Ilikuwa wiki ya kufungua mwamba ndipo ilipoingia barua kutoka kwa mwenye nyumba ya wageni ninayemfahamu. Ilisema: "Assalaam aleikum. Habari za siku nyingi na wadogo zako. Picha za harusi hizi hapa." Chini yake kulikuwa na faili. Nikalibonyeza. Halikufunguka.

Sasa, mahali petu salamu ni deni. Ukisalimiwa hunyamazi, hata kama una ugomvi na anayekusalimu. Nikaandika: "Waaleikum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi. Picha hazifunguki, naomba utume tena." Akatuma tena. Nikajaribu tena, nikajibu tena. Tulikwenda hivyo mpaka mdogo wangu wa kwanza, ambaye siku za mapumziko ya shule hukaa nami dukani, akainama nyuma ya bega langu akatazama.

"Dada," akasema, "unaongea na virusi."

"Anajuaje kwamba nina wadogo?"

"Kasoma barua zako. Tena ana adabu, anakuuliza hali. Mimi hujaniuliza tangu asubuhi."

Alikuwa sahihi, na tulikuwa tumechelewa. Yule mdudu alikuwa amekwisha kuchukua kila anwani iliyokuwamo kwenye sanduku letu na kuipelekea zile picha za harusi kwa jina la duka. Na watu wangu, wote waliolelewa vizuri, walifanya kama nilivyofanya mimi. Walifungua, wakaitikia salamu, wakaomba zitumwe tena. Kompyuta zao nazo zikaanza kutuma. Kufikia adhuhuri barua zilikuwa zinaingia kama dagaa kwenye wavu mbovu, salamu juu ya salamu, kila mtu akimtakia mwenzake heri ya harusi ambayo haikuwapo.

Kisha wakaja wenyewe. Wa kwanza alikuwa shangazi yangu mmoja wa ukoo, ambaye kompyuta haijui, ila mwanawe ni karani na alimwambia. Alisimama mlangoni na kanga yake mpya.

"Nimeambiwa umeolewa."

"Sijaolewa, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Picha zimefika mpaka Lindi, sisi wa damu hatukualikwa hata kunywa uji."

"Hakuna picha. Ni virusi."

"Hilo ndilo jina lake?" akauliza. "Mtu wa wapi?"

Mdogo wangu ilibidi aende nyuma ya mashine ya fotokopi akacheke huko.

Waliofuata hawakuchekesha. Mwalimu mmoja alikuja kusema kompyuta ya shule yao haiwaki. Mwenye nyumba ya wageni alisema wageni wake wamemwandikia kwa hasira. Kwenye benchi ukafunguka mjadala wa nani alaumiwe. Mwalimu alisema ni waliotengeneza programu, maana fundi akikujengea nyumba mlango haufungi, huwezi kumlaumu mpangaji. Muuza nyama wa jirani, ambaye hakuwa na barua pepe wala hasara, alisema ni mimi, maana mlango haufungi lakini aliyemkaribisha mgeni ni nani. Nikawaambia nyote mna haki yenu, niacheni nifanye kazi.

"Mwizi hamumtaji," akasema mdogo wangu. "Mnagombana juu ya mlango, na mwizi yumo ndani anawasikiliza."

Halafu muuza nyama akasema mtoto huyu asomeshwe mpaka mwisho, na mjadala ukaanza upya.

Nilichomoa waya wa intaneti, nikachukua simu, nikaanza kuwapigia watu mmoja mmoja: usifungue picha, usijibu, zima mashine. Kazi hiyo ingekuwa ya haraka kwingine. Kwetu, kila simu ilianza na hali ya nyumbani, ikapita kwa wagonjwa, ikafika kwenye mvua, na ndipo nikapewa nafasi ya kusema ninachotaka. Wengine waliponielewa walisema haya, mwanangu, na hongera kwa harusi.

Fundi wa kompyuta alikuja kwa basi kutoka Lindi kesho yake. Aliikagua mashine, akasonya.

"Hii programu yenu ni ya kunakili. Haipati apdeti. Ni wazi kama soko."

"Uliiweka wewe," nikamwambia.

Akaitazama tena, kama mtu anayekutana na shemeji asiyemtarajia. "Wakati ule ilikuwa nzuri," akasema. "Na hata ile halali ina matundu. Kosa la waliotengeneza, dada. Wako ng'ambo huko."

"Basi lawama ipande ndege iwafuate. Mashine iko hapa."

Akaifuta yote, akaweka programu halali, na mara hii niliketi kando yake nikamuuliza kila hatua mpaka akachoka nami. Tukafungua anwani mpya. Hakuwa amemaliza kufunga mkoba wake pale bibi mwenyekiti alipoingia, miguu bado na chumvi ya safari, akakaa kwenye benchi na kusema maji yamekubali: mwamba unafunguliwa keshokutwa asubuhi, niite gari.

Nilipompigia simu karani wa kampuni ya Mtwara, ndipo nilipojua uzito wa jambo lenyewe.

"Dada, ni ninyi?" akasema. "Mfumo wetu unaitupa kila barua ya kwenu. Na bosi amesema asione kitu kutoka Kilwa mpaka atakapotulia."

Nikamweleza kuhusu pweza. Anaujua mwamba ule kama mimi. Nikamwomba achukue maneno yangu kwa simu, akasema gari halitoki kwa maneno. Nikamwomba apokee picha ya barua kwa simu, akasema wanunuzi wao hukubali tu mzigo ulioombewa gari kwa barua pepe. Nikamwambia tunayo anwani mpya, safi. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nitajuaje kwamba ni ninyi na si mdudu?" akauliza. "Zote zilizotuharibia zimekuja na salamu. Salamu ndefu, na watoto wanaulizwa hali." Akafikiri tena. "Sikiliza. Andikeni bila salamu. Neno moja la salamu nikiliona, naifuta bila kuifungua."

Bibi alikuwa anasikiliza, maana simu yangu husikika mpaka nje. Hatukuwa na njia ya kusogeza siku. Bamvua haimsubiri mtu, na mwamba ukishafunguliwa hakuna wa kumwambia pweza arudi shimoni. Bila barafu, miezi mitatu ya kujinyima ingeishia kwenye kamba za kukaushia na mikononi mwa walanguzi wa ufukweni. Wapo vijana kisiwani waliokuwa wanasubiri hivyo tu ili waseme kufunga mwamba ni ujinga. Bibi alikuwa amegombana nao msimu mzima.

Nikaandika: "Mwamba wa Songo Mnara unafunguliwa keshokutwa asubuhi. Leteni barafu gatini Masoko kabla ya boti kufika." Nikamsomea bibi.

"Hiyo si barua. Hiyo amri ya mkoloni."

"Ndivyo alivyotaka, bibi."

"Tia hata 'ndugu'."

"Ataifuta."

"Hata kumuuliza mama yake? Mama yake anaumwa miguu, aliniambia msimu uliopita."

"Hata mama yake."

Akainuka, akajifunga kanga upya. "Basi ipeleke wewe. Mimi natoka nje, isije ikasemwa nilikuwapo." Akatoka, akasimama barabarani ametupa mgongo, na fundi kwa heshima akatoka naye. Nikaituma.

Jibu halikuja. Jioni halikuja, na kesho yake halikuja. Simu ya karani iliita bila kupokewa, kisha haikuita kabisa. Bibi alikuwa amesharudi kisiwani. Alinipigia mara moja kuuliza, nikamwambia nimetuma, sijajibiwa. Nilidhani huenda ataahirisha hata hivyo. Akasema watu wameshanoa vyuma vyao vya kuchomea pweza, kisha akanitakia usiku mwema na kukata. Mdogo wangu aliniambia nilale, gari haliji haraka kwa sababu mimi nimekodoa macho. Nilimwambia najua. Sikulala sana.

Asubuhi nilifunga duka, kitu ambacho sifanyi siku ya kazi, nikateremka gatini. Sikuwa na la kufanya huko. Ila niliona kama boti zitafika na barafu haipo, aliyetuma barua asimame mahali anapoonekana.

Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini mwa ghala, jeupe, linavuja maji chini. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi yake anakula chapati.

"Wewe ndiye wa barua?" akaniuliza.

"Ndiye mimi."

"Karani wetu kaisomea ofisi nzima. Akasema hii ni ya kweli, ina jeuri." Akafuta mikono. "Baada ya kuichapa tu wakazima kila kitu, mashine na simu za ofisi, wanasafisha. Tangu juzi kule tunaongea kwa midomo kama zamani."

Nikakaa chini kwenye saruji.

Boti ya kwanza ilifika jua likiwa limepanda kiasi, imezama mpaka karibu na ukingo. Wanawake walikuwa wamelowa hadi kifuani na wote wanaongea kwa pamoja. Pweza walikuwa wakubwa kuliko nilivyowahi kuwaona, wengine mtu anawabeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala. Walipoliona gari hawakushangilia. Walijipanga tu, kapu kwa kapu, na barafu ikaanza kulia chini ya pweza kila kapu lilipomwagwa. Wale vijana waliokuwa wanangoja kucheka walikuwamo kwenye mstari, wanabeba, na bibi alikuwa nyuma yao anawahimiza kwa sauti ile ile ya kuita ng'ambo.

Gari lilipojaa, dereva akafunga mlango na kuugonga mara mbili kwa kiganja. Bibi akaja kwangu na pweza mmoja aliyefungwa kwenye jani la mnazi.

"Huyu wa wadogo zako," akasema. "Mpige vizuri kabla hujampika, ni mgumu, amekula miezi mitatu. Na msimu ujao nataka anwani yangu mwenyewe. Ukanifungulie leo, boti inaondoka saa tisa."

Tukapanda pamoja kuelekea dukani. Benchi lilikuwa limeshajaa watu nje ya mlango uliofungwa, na muuza nyama alikuwa anawaeleza kwamba nimekwenda fungate.