Filister Kwenye Kiti cha Kapteni

Filister wa Kosele alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa na dawa: kutaka kujua. Ukipita na mfuko, atauliza umebeba nini. Ukipita bila mfuko, atauliza ulichokwenda kununua kiko wapi. Basi fikiria mateso yake pale mwanawe wa pekee, Byron, rubani mzima, aliporudi kutoka Nairobi, akajifungia ndani ya simba, ile nyumba yake ya ujana hapo bomani, akaanza kuzungumza peke yake. Anauliza kwa Kizungu kama magurudumu yameshuka, ananyamaza, kisha anajijibu kwamba yameshuka.

Jirani yake Adhiambo hakungoja. Alisema pepo wa ziwani amempanda kijana, akaja na akina mama wa kanisa lake, kanzu nyeupe na ngoma, wakaizunguka simba wakiomba. Byron alitoka na hedfoni shingoni, akawasalimia mmoja mmoja, akawashukuru, akarudi ndani. Wakaongeza ngoma.

Filister angeingia ajionee, lakini kwa Wajaluo mama haingii ovyo simba ya mwanawe aliyekomaa. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, kisha akasimama uani na kumwita: hicho anachokifanya kule akilete kwake, kwenye mwanga.

Byron alileta karatasi kubwa iliyokunjwa, akaibandika kwenye ukuta wa sebule. Ilikuwa picha ya chumba cha marubani, kila kitufe mahali pake. Alimweleza mama kwamba kampuni yake ya Nairobi ilikuwa imepunguza ndege na watu. Sasa kampuni moja ya Asia ya mbali ilikuwa ikitafuta marubani wasaidizi wa kigeni, nayo imemwita akafanye mtihani ndani ya mtambo unaoyumba kama ndege yenyewe. Mtihani kama huo alishaanguka mara moja, Uarabuni; asipopita safari hii, basi tena, kwa sababu kampuni za ng'ambo hazimtaki rubani aliyekaa sana bila kuruka, na yeye karibu afikishe mwaka. Ndiyo maana anaizoeza mikono kwenye karatasi, na kusema peke yake maneno ya marubani wote wawili.

Filister aliuliza yote. Kapteni akifia angani? Msaidizi anatua. Wanakula chakula kimoja? Hapana, kila mtu na chake, ili kikiwa kibaya kimlaze mmoja tu. Hilo lilimfurahisha mno, akawa analisimulia sokoni kwa kila aliyesimama kununua omena, dagaa wa ziwani. Ila swali moja Byron alilikwepa: ule mtihani wa Uarabuni alianguka kwa nini?

Mama hakubanduka mpaka akajibiwa. Mtahini alikuwa mzee, mvi tupu, na ndiye aliyekaa kiti cha kapteni. Karibu na kutua, aliishusha ndege chini kuliko inavyoruhusiwa, makusudi, aone kijana atafanya nini. Byron aliona. Akasema kwa upole kwamba labda waangalie kimo, kisha akanyamaza. Alichotakiwa kufanya ni kumnyang'anya usukani.

"Mama, alikuwa rika la marehemu baba," alisema.

Ni Filister aliyemlea hivyo: mkubwa hanyang'anywi kitu mkononi. Alivuta kiti cha plastiki, akaketi upande wa kushoto wa ile picha na kushika mwiko wa ugali uwe usukani.

"Leo mimi ndiye kapteni," alisema. "Nizuie."

Tangu hapo kila jioni walikuwa hewani. Alikuwa kapteni mbaya na alikuwa akifurahia. Aliitumbukiza ndege ziwani, akaielekeza kwa twiga wa bonde la Lambwe. Byron aliomba samahani, akasema anadhani, akasema labda. Mwiko hakuugusa. Mama alicheka hadi machozi, akasema hata yeye angemwangusha mtihani.

Jioni ya mwisho, sanduku likiwa mlangoni, Filister alishika mwiko na hakucheka.

"Tunageuka," alisema. "Tunarudi Kosele. Hakuna Asia."

Byron alitabasamu. "Mama, nadhani…"

"Kapteni ni mimi. Nimesema tunarudi."

Kijana alimtazama, tabasamu likapotea. Filister mwenyewe aliogopa, maana mpaka maneno yalipomtoka hakuwa amejua kwamba anayamaanisha. Angekuwa na nani katika nyumba hii? Byron akinyamaza tu, kama alivyolelewa, kesho hataondoka.

Mkono wa Byron ulivuka, ukaushika mwiko juu ya mkono wa mama yake.

"Mama, usukani ni wangu. Achia."

Hakuwahi kumwambia hivyo maishani, na ilimchoma. Filister alikaza vidole, naye Byron akakaza vyake. Kisha mama akaachia, akajua kwamba mtihani mwanawe ameshaupita, na kwamba ni yeye mwenyewe, mama, aliyemfundisha namna ya kumwacha.