Nyimbo za Theluji Kwenye Matanga ya Mdogo Wangu

Tarehe tisa Desemba nilimpoteza mdogo wangu, huko Louisville. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu. Nilipanda basi kutoka Buffalo, nikakaa kwenye mkeka nyumbani kwake mtaa wa Iroquois, pamoja na wanawake wa kwetu Kivu.

Kwetu, kwenye nyumba ya matanga hapapigwi muziki mpaka mkubwa wa ukoo wa marehemu ayaondoe. Siku ya tisa shemeji yangu, mume wa marehemu, alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba wanamotunzwa wazee, akafungulia redio. Zilikuwa zile nyimbo za Krismasi za miaka ya hamsini: vikengele, vinanda, mwanamume mwenye sauti laini kama mafuta akiisifu theluji. Alisema wazee anaowatunza huzipenda hata hulia. Nilimwomba azime. Alinijibu mbele ya wanawake wote, bila kunitazama.

“Bon, shemeji, huku kilio iko na mwisho. Kama muziki inakusumbua, mulango ni ile.”

Nilitoka. Matanga hayakuondolewa, kwa sababu mkubwa wa marehemu ni mimi, na hakuniita tena.

Nyimbo hizo huanza Novemba. Ziko dukani, ziko kiwandani ninapofungasha kuku, na wenzangu huzifuatisha kwa mluzi. Sikujua Kiingereza chake, lakini kila sauti niliijua inapopanda na inaposhuka. Miaka miwili nilikwenda kanisani mtaani kwetu Black Rock nikaomba shemeji aumwe meno. Niliomba na mabaya zaidi.

Desemba iliyopita alitaka kuoa tena, huko Columbus. Mchungaji wao ni mtu wa kwetu. Alikataa kufungisha ndoa mpaka upande wa marehemu useme mbele ya watu kwamba umemwachilia. Shemeji alinipigia simu mwenyewe. Sasa nilikuwa dada yake mpenzi. Nikamwambia nitakuja. Nitakachosema nilikijua kabla hatujakata simu.

Ukumbini walikuwa wanapiga nyimbo zilezile. Bibi harusi hakuwa amenikosea kitu. Alinipigia goti, akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa baridi hata ndani ya glavu. Kisha mchungaji akaniuliza.

“Zimeni muziki kwanza,” nikasema. Wakazima. “Mdogo wangu bado yuko kwenye matanga. Mimi sijayaondoa.”

Shemeji alisema polepole, “Dada, donc unaniua mbele ya watu.”

Mama mmoja wa upande wa bibi harusi akaniuliza kama nimepanda basi toka Buffalo kuja kuwafanyia hii.

“Ndiyo, mama.”

Mchungaji alifunga kitabu. Bibi harusi alivua glavu zake, moja, halafu nyingine. Chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa, kwa hiyo watu wakaletewa sahani, nami nikaletewa. Nilikula wali, nikala sombe ya majani ya muhogo, nikaomba nyama tena.